Kazi Isisimame Mtandao Ukikata

Popote ulipo, ndugu msikilizaji, mazungumzo haya ni yako: uwe hapa Babati mjini, Bagara au Maisaka, uwe Magugu umetoka kwenye mpunga, uwe Dareda, Galapo, Katesh, Dongobesh au Haydom. Ninyi mlio safarini kati ya Minjingu na Singida, karibuni pia. Na ndugu zetu wa Simanjiro na Kiteto, najua mawimbi yakikubali mnatusikia.

Jioni ya leo tunazungumzia kompyuta, na hasa jambo moja tu: namna programu inavyochukua data kutoka kwenye kanzidata kuu, ikazibeba mahali pasipo na mtandao, ikazifanyia kazi huko, kisha ikazirudisha salama. Nitalieleza kwa vijana wetu wanaojifunza kutengeneza programu, lakini mama na baba msiondoke, kwa maana jambo hili linawagusa ninyi kabla halijamgusa fundi yeyote.

Nianze na swali. Umewahi kufika zahanati au ofisi fulani ukaambiwa, "Subiri kidogo mama, mtandao hakuna"? Unakaa kwenye benchi. Mtoto analia mgongoni. Mhudumu naye amekaa, mikono mapajani, maana kompyuta iliyo mbele yake inazunguka tu, haifungui kitu. Saa inapita. Mwisho unaambiwa urudi kesho, na kesho ni nauli nyingine ya bodaboda.

Tumezoea kuulaumu mtandao. Mimi nasema mara nyingi lawama iko kwingine: iko kwenye uamuzi wa aliyeitengeneza programu. Yeye ndiye aliyeamua kwamba kila kitufe kikibonyezwa, habari iende kwanza kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayotunza data, huenda iko Dodoma au Dar es Salaam, ndipo irudi. Angeweza kuamua vinginevyo. Njia nyingine ipo, na imejulikana kwa miaka zaidi ya 20.

Tuelewane kwanza kuhusu kanzidata. Ukiiona rejesta ya kliniki, ile yenye mistari na safuwima, umeiona kanzidata. Kila mtoto ana mstari wake. Kwenye mstari kuna jina, tarehe ya kuzaliwa, simu ya mama, chanjo alizopata. Wazo la kuzipanga data za kompyuta katika majedwali ya namna hiyo lilitolewa mwaka 1970 na Edgar Codd, aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM, na hadi leo kanzidata nyingi zinazotuhudumia zimejengwa juu ya wazo lake.

Sasa, programu inaweza kuitumia kanzidata kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kushikilia laini. Programu inafungua mawasiliano na seva, inasoma mstari mmoja, inasoma wa pili, na muda wote huo laini iko wazi. Laini ikikatika, kazi imekatika. Njia ya pili ni kuchukua na kuachia. Programu inafungua laini, inachukua fungu la mistari inayohitaji, inalipakia kwenye kumbukumbu yake yenyewe, kisha inaifunga laini. Kuanzia hapo inafanya kazi na nakala yake. Inasoma, inabadilisha, inaongeza, inafuta, seva haina habari. Kazi ikiisha, laini inafunguliwa tena kwa muda mfupi, mabadiliko yanapelekwa, laini inafungwa.

Narudia, maana hili ndilo shina la mazungumzo yetu: unachukua, unaachia, unafanya kazi, unarudisha.

Njia hii ya pili haikubuniwa kwa ajili ya maeneo yetu yenye mtandao wa shida, kama Yaeda Chini au Orkesumet. Mwaka 2002 kampuni ya Microsoft ilitoa mfumo wake wa .NET, na ndani yake kukawa na chombo kiitwacho DataSet, yaani mkusanyo wa majedwali unaoishi kwenye kumbukumbu ya programu bila kushikamana na seva. Mwaka 2004 upande wa Java ukapata chake rasmi, CachedRowSet, chenye kazi ileile. Shida kubwa ya wahandisi wale haikuwa mtandao kukatika. Ilikuwa seva kuelemewa: tovuti zilikuwa zimeanza kutembelewa na maelfu ya watu kwa wakati mmoja, na kama kila mtu angeshikilia laini yake, seva ingezidiwa. Basi wakatafuta namna ya kuachia laini mapema. Sisi tumekuja kuikuta njia hiyo inatufaa kwa sababu tofauti kabisa na yao.

Na kweli njia hii imetufaa. Mnakumbuka Sensa ya Watu na Makazi, tarehe 23 Agosti 2022? Makarani walipita na vishikwambi. Karani aliingia boma moja hadi jingine, akauliza, akabonyeza, akaenda. Hakusubiri mtandao kwenye kila nyumba. Angesubiri, sensa ingekuwa inaendelea mpaka leo. Majibu ya kaya yalikaa ndani ya kishikwambi, na yalitumwa mawasiliano yalipopatikana. Sensa iliyotangulia, ile ya Agosti 2012, ilitumia karatasi, na idadi ya watu ikatangazwa siku ya mwisho ya mwaka, tarehe 31 Desemba. Ya 2022 ilitangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan pale Dodoma tarehe 31 Oktoba: watu 61,741,120. Miezi minne mara ya kwanza, miezi miwili na siku kadhaa mara ya pili.

Lakini nataka niseme jambo moja ambalo wengi hawaligusi. Kwa suala letu la leo, sensa ilikuwa kazi nyepesi. Kwa nini? Kwa sababu kila karani alikuwa na eneo lake la kuhesabia. Kaya aliyoiandika yeye haikuandikwa na mwingine. Data zilikuwa zinapanda tu, kutoka kijijini kwenda juu, na mistari ya karani huyu haikukutana na mistari ya yule. Ugumu wenyewe unaanza pale watu wawili wanapobeba nakala ya mstari uleule.

Wapi hutokea hivyo? Kliniki. Mama wa Simanjiro amejifungulia Arusha, mtoto amepata chanjo ya kwanza huko, ya pili ameipatia Mirerani, ya tatu hapa Babati kwa dada yake. Jirani zetu wa Arusha walikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kujaribu rejesta ya chanjo ya kielektroniki, chini ya mradi wa BID uliosimamiwa na shirika la PATH pamoja na Wizara ya Afya, mradi ulioanza 2013. Na tangu 2024 kuna mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba. Watu wengi, vifaa vingi, mtoto ni yuleyule mmoja.

Basi twende taratibu, tumfuate mhudumu mmoja siku moja. Ni mfano, msimtafute. Asubuhi yuko Babati mjini, mtandao upo. Anatakiwa kwenda kijijini kwa huduma ya mkoba, mahali ambapo simu hushika ukipanda kwenye kichuguu. Kabla ya kuondoka anabonyeza kitufe: pakia.

Swali la kwanza: apakie nini? Nimeona programu zinazopakia kila kitu, wilaya nzima, halafu watu wanalalamika kwamba kishikwambi kizito na bando limeisha. Fundi, mpe mhudumu mistari ya kijiji anachokwenda, pamoja na ya vitongoji vya jirani ambako kina mama huwa wanatoka. Hiyo inatosha. Kama orodha bado ni ndefu, ipakie kwa mafungu. Chombo cha Java nilichokitaja kinakuruhusu kusema nipe mistari mia kwanza, halafu mia inayofuata. Na liko jambo zito kuliko bando. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kishikwambi kikiibiwa stendi na ndani yake mna taarifa za afya za wilaya nzima, nani atawaambia wenye taarifa hizo? Mstari usiouhitaji usiubebe.

Swali la pili: apakie kwa mpangilio gani? Mama kwanza, mtoto baadaye. Majedwali yamefungamana, mstari wa mtoto unaelekeza kwenye mstari wa mama yake. Ukileta mtoto kabla ya mama, programu italalamika kwamba mtoto huyu hana mama. Ziko programu zinazokuruhusu kuusimamisha ukaguzi huo wakati wa kupakia, ili kazi iende haraka, halafu unaurudisha ukimaliza. Ni sawa kufanya hivyo, ila hakikisha umeurudisha. Na ukirudisha ukaguzi ukagoma, usiuzime tena. Umekuambia kuna mstari usio na mama yake, nenda kautafute.

Swali la tatu, na hili linawaumiza vijana wengi wanaoanza: je, jedwali lako linajua kipi kinachomtambulisha kila mtoto? Kama hukuliambia kwamba namba ya mtoto ndiyo utambulisho wake, basi siku utakapopakia mara ya pili, chombo hakitajua kwamba hawa ni walewale. Kitaongeza mistari mipya chini ya ile ya zamani. Kijiji kilikuwa na watoto 40, sasa kina 80. Mhudumu akibonyeza tena, 120. Watu wanadhani seva ina kichaa. Seva ni nzima. Jedwali lililokuwa linapakiwa halikupewa utambulisho.

Haya, mhudumu wetu amepakia, laini imefungwa, amepanda pikipiki, yuko kijijini chini ya mti, mizani imetundikwa. Analetwa mtoto wa miezi 18, amekuja kwa dozi ya pili ya surua na rubela. Kwenye kishikwambi mstari wake unasema uzito kilo 10.2, ni wa mara iliyopita. Mizani ya leo inasoma 10.6. Anaandika 10.6.

Sasa sikiliza kwa makini, hasa wewe kijana unayesomea kazi hii. Chombo kizuri hakifuti ile 10.2. Kinaweka zote mbili. Mstari mmoja unabeba kumbukumbu mbili: thamani iliyopakiwa asubuhi kutoka kwenye seva, na thamani iliyopo sasa. Na juu ya mstari kinaweka alama ya hali yake. Mstari ambao haujaguswa una alama yake, uliobadilishwa una yake, ulioongezwa una yake. Hata uliofutwa haupotei hapohapo. Unabaki umefichwa, una alama ya kufutwa, ukisubiri seva iarifiwe. Bila alama hizo, jioni programu ingejuaje ipeleke nini?

Kuna mtoto mwingine amezaliwa wiki iliyopita, hajawahi kuandikishwa popote. Anaongezwa papo hapo. Namba yake itatoka wapi, ilhali namba hugawiwa na seva na seva haipatikani? Mafundi wengi humpa namba ya muda iliyo chini ya sifuri: hasi moja, anayefuata hasi mbili. Seva yenyewe haitoi namba hasi, kwa hiyo hakuna kuchanganya. Jioni seva inampa namba ya kudumu, na kila mstari uliomwelekeza, wa chanjo au wa uzito, unafuata namba mpya. Wengine hutumia utambulisho mrefu wa kubahatisha, ambao uwezekano wa vishikwambi viwili kuutoa unaofanana ni kama haupo. Kwa huku kwetu mimi napendelea huu wa pili, kwa sababu mtoto anakuwa na utambulisho wake wa kudumu tangu chini ya mti, na hata kadi yake inaweza kuandikwa hapohapo.

Tupumue kidogo. Tumesema nini hadi sasa? Tumesema pakia kilicho cha lazima, mama kabla ya mtoto, kila mstari na utambulisho wake. Na tumesema mstari unabeba kumbukumbu mbili, ya asubuhi na ya sasa.

Wakati mhudumu yuko kijijini, mjini kuna jambo limetokea. Mama wa yule mtoto wa kilo 10.6 alibadilisha laini ya simu, na karani wa kituo kingine, mwenye mtandao, amerekebisha namba kwenye seva. Kwa hiyo seva sasa ina simu mpya na uzito wa zamani. Kishikwambi kina simu ya zamani na uzito mpya. Hakuna aliyekosea. Wote wawili wamefanya kazi yao.

Jioni mhudumu anarudi mahali penye mtandao. Anaona kitufe kilekile cha asubuhi: pakia. Anakibonyeza kabla hajatuma. Nini kitatokea?

Inategemea fundi alichagua nini, na kwenye mfumo wa Microsoft fundi ana njia tatu za kuchagua. Njia ya kwanza: kinachotoka kwenye seva kifunike kila kitu. Simu mpya inaingia, lakini ile 10.6 inafutika kimya kimya, uzito unarudi 10.2, na alama ya kubadilishwa inaondolewa. Mhudumu hataona onyo lolote. Mtoto alipimwa, na ni kama hakupimwa.

Njia ya pili: yaliyoandikwa kwenye kifaa yalindwe. Kinachotoka kwenye seva kinaingia upande wa kumbukumbu ya asubuhi tu, na thamani za sasa haziguswi. Unaweza kusema hii ndiyo nzuri. Ngoja kwanza. Mstari wa mhudumu unalindwa wote, pamoja na simu ya zamani iliyo ndani yake, ambayo hakuigusa. Programu ikilinganisha sasa kumbukumbu mbili, itaona uzito unatofautiana na simu inatofautiana, na itadhani mhudumu amebadilisha vyote viwili. Itatuma vyote viwili. Simu ya zamani inarudi kwenye seva, na kazi ya yule karani wa mjini imefutika. Mwezi ujao mama anapigiwa simu kukumbushwa kliniki, namba haipatikani.

Njia ya tatu: kinachokuja kiingie upande wa sasa, kumbukumbu ya zamani ibaki ilivyo. Hii imekusudiwa kazi nyingine, pale unapoleta data kutoka chanzo kingine, tuseme faili la wilaya jirani, nawe unataka zihesabiwe kama mabadiliko ya kupelekwa kwenye seva yako. Kwa mhudumu wetu haifai, 10.6 inapotea vilevile.

Unaona, msikilizaji? Njia tatu, na kila moja kwa siku kama hii inamuumiza mtu. Hakuna kati ya hizo inayojua ukweli wa mambo, zinajua tu nani afunike nani. Ndiyo maana msimamo wangu, na nausema kwa sauti ili kila anayetengeneza programu katika mkoa huu ausikie, ni huu: tuma kwanza, pakia baadaye. Kitufe cha kupakia kisikubali kufanya kazi wakati kuna mistari yenye alama ya kubadilishwa ambayo haijatumwa. Kimwambie mhudumu kwa Kiswahili chepesi: una mistari kadhaa haijatumwa, tuma kwanza.

Na wakati wa kutuma, lile agizo linaloenda kwenye seva liwe na sharti ndani yake. Lisiseme tu "weka uzito kilo 10.6". Liseme hivi: weka uzito 10.6 kwa mtoto huyu, ikiwa uzito uliopo hapo bado ni 10.2. Hapo ndipo kumbukumbu ya asubuhi inapofanya kazi yake. Seva inaangalia. Uzito bado ni 10.2? Ndiyo. Inaandika, na inajibu: mstari mmoja umebadilika. Simu haikutajwa kabisa kwenye agizo, kwa sababu mhudumu hakuigusa, kwa hiyo simu mpya inabaki salama. Halafu ndipo mhudumu anapakia upya, na kishikwambi chake kinapata vyote viwili, uzito mpya na simu mpya. Mhudumu kijijini na karani mjini, kazi zao zote zimehesabiwa.

Na kama uzito kwenye seva haukuwa tena 10.2? Kama kuna mtu mwingine aliandika 10.4 mchana huo? Seva itajibu: mistari iliyobadilika, sifuri. Sifuri hiyo ni habari muhimu sana. Inasema kuna mgongano. Chombo cha Microsoft kitatoa hitilafu ya wazi, cha Java nacho kitatoa hitilafu na kukuonyesha mistari inayogongana mmoja mmoja. Fundi mvivu anaimeza hitilafu hiyo, programu inasema "imefanikiwa", watu wanaenda nyumbani. Fundi mwenye kujali anaweka mbele ya mhudumu vitu vitatu kwenye kioo: ulichokikuta asubuhi, ulichoandika wewe, kilichopo sasa. Aamue yeye. Yeye ndiye aliyemshika mtoto akamweka kwenye mizani.

Kuna kosa moja nitalieleza peke yake, kwa kuwa halionekani kwa macho. Chombo cha Microsoft kina amri ya kukubali mabadiliko. Jina lake linasikika kama kuhifadhi, na wengi hudhani ndivyo. Sivyo. Kinachofanyika ni kwamba zile kumbukumbu mbili zinafanywa kuwa moja na alama zote zinaondolewa. Mstari unahesabika kuwa haujaguswa. Seva ikishapokea na kukiri, ni sahihi. Ukiitoa kabla ya kutuma, programu itatazama jedwali, haitaona alama yoyote, itasema hakuna cha kutuma. Kwenye kishikwambi 10.6 inaonekana vizuri kabisa. Mhudumu anaiona kwa macho yake. Kwenye seva haipo na haitafika kamwe, na siku ya kupakia upya itafunikwa. Vijana, mkikagua programu yenu, msikague kwa kutazama kioo cha kifaa. Fungueni seva mtazame kule.

Turudi kwenye ule mgongano wa 10.6 na 10.4. Ukifikiri vizuri, huenda vipimo vyote viwili ni vya kweli. Kimoja kilichukuliwa leo kijijini, kingine juzi kwenye kituo kingine, kikachelewa kuandikwa. Kwa nini basi tuligombanishe tukio na tukio? Kosa liko kwenye rejesta iliyotengenezwa na nafasi moja tu ya uzito. Kila upimaji uwe mstari wake, na tarehe yake, mahali pake na aliyepima. Mistari inayoongezwa haigongani. Mgongano huja pale watu wawili wanapogombea nafasi moja ya kuandika. Kwa hiyo fundi anayejua kwamba vifaa vyake vitakaa siku mbili tatu bila mtandao, anaanza kuupunguza mgongano tangu siku ya kuchora majedwali.

Chukua ghala la ushirika huku kwetu, msimu wa mbaazi. Karani mmoja yuko kwenye mizani ya kijiji hiki, mwenzake kijiji cha pili, wote hawana mtandao. Ukiwapakia jumla ya ghala, tuseme gunia 300, kila mmoja akaongeza zake kwenye jumla hiyo kisha akairudisha, jumla ya aliyechelewa itaifunika ya aliyewahi. Gunia za wakulima wa kijiji kizima zimepotea kwenye hesabu, ghalani zimo. Usiwapakie jumla kabisa. Kila mkulima aliyepima awe mstari: nani, kilo ngapi, saa ngapi, mizani ipi. Jumla itapigwa na seva baada ya mistari yote kufika. Dawa za zahanati ni hivyohivyo. Andika kilichotoka na kilichoingia, usiandike kilichobaki.

Lakini je, kila kitu kinaweza kufanyika bila mtandao? Hapana, na lazima niseme wazi. Pesa haiwezi. Tangu M-Pesa ianze hapa nchini mwaka 2008 tumezoea kutuma na kupokea kwa simu, na mtandao ukikata muamala haukamiliki. Watu wanakasirika, lakini kwa pesa ndivyo inavyopaswa. Salio lako likibebwa na vifaa viwili vilivyokatika na seva, utalitumia mara mbili, na mtu wa pili hatalipwa. Kila mahali ambapo kitu ni kimoja na kikishatoka kimetoka, kama salio, kiti cha basi au kiwanja, unahitaji seva iseme ndiyo pale pale. Fundi mwenye busara anatenganisha: haya yabebwe, haya yasubiri laini.

Kwa hiyo kiongozi unayesikiliza, mwenyekiti wa ushirika, mganga mfawidhi, diwani, siku utakapoletewa mfumo mpya na watu wenye kompyuta mpakato na maneno mengi, waulize maswali manne. Waulize: mtandao ukikata katikati ya kazi, mhudumu anaendelea au anasimama? Waulize: watu wawili wakibadilisha mstari mmoja, nani anaarifiwa? Waulize: kifaa kikiibiwa, kina taarifa za watu wangapi ndani? Na waulize kama wanaweza kuonyesha, hapo hapo mezani. Wachukue vishikwambi viwili, wapakie mstari mmoja kwenye vyote viwili, wazime data, wabadilishe kila kimoja kivyake, wawashe, watume. Inachukua dakika chache tu. Wakikuambia mgongano wa namna hiyo hauwezi kutokea, usitie saini.

Na ninyi vijana wa vyuo hapa mkoani, mnaojifunza Java au lugha za Microsoft kwenye kompyuta ya kuazima, zoezi hilohilo ni lenu. Majedwali mawili, mama na mtoto. Pakieni mara mbili muone kama mistari inaongezeka maradufu. Badilisheni uzito, kisha pakieni tena kabla ya kutuma, kwa kila moja ya zile njia tatu kama mnatumia mfumo wa Microsoft, na muandike kwenye daftari kilichobaki na kilichopotea. Atakayenitumia ujumbe akinieleza alichokiona, nitausoma hewani wiki ijayo, siku kama ya leo, saa hii hii.

Sasa hivi ni zamu ya taarifa ya habari. Baada yake laini za simu zitakuwa wazi, na ningependa kuanza na wahudumu wa afya wanaokwenda mkoba: nipigieni mniambie, jioni mkirudi, kifaa chenu kinawaambia nini?